Uliza Fundi wa Seva: Waya ni nne, njia ni moja

Mwezi huu barua karibu zote ni za storeji (yale masanduku ya diski ambayo seva hufikia kwa waya), na karibu zote zinauliza kitu kimoja kwa maneno tofauti: nimeweka waya mbili, mbona moja ikikufa kila kitu kinakufa nayo? Nimechagua sita. Ya kwanza nimeijibu kirefu ju najua wengi mko ndani yake, hizo zingine tutapita nazo haraka.

SWALI: Fundi, salamu sana. Mimi nashughulikia seva za sacco moja hapa Upper Hill. Tuko na seva ya Linux yenye kadi mbili za faiba, kila kadi inaenda kwa swichi yake, na storeji iko na kontrola mbili (bongo zinazoendesha diski zake). Aliyetuwekea alituambia hata waya ikikatika hakuna mtu atajua. Jumamosi swichi moja ikazima (mtu alichomoa plagi yake akitafuta mahali pa kuchaji simu, hio wacha tu) na databesi ikakwama hapo hapo. Kuangalia logi napata faili sistemu imegeuka ya kusoma peke yake. Na swichi ya pili ilikuwa inawaka muda wote! Nikipiga lsblk naona diski nne za GB 500, sdb mpaka sde, na sisi tulikatiwa moja tu. LVM nayo (programu inayogawa diski) kila nikiigusa inalia "Found duplicate PV", yaani ati imeona diski ile ile zaidi ya mara moja. Tuliuziwa hewa ama? – Msoma Logi, Upper Hill

JIBU: Hamkuuziwa hewa boss, vifaa mko navyo, ni kazi iliachwa nusu.

Anza na hizo diski nne. Kadi ya kwanza inaenda swichi A, na swichi A inafika kontrola zote mbili, hapo ni njia mbili. Kadi ya pili inaenda swichi B, nayo pia inafika kontrola zote mbili, njia zingine mbili. Sasa keneli (moyo wa Linux) ikiamka haijui kwamba hizi ni njia za kufikia diski moja, yenyewe kila njia inaihesabu kama diski na kuipatia jina. Ukitaka kuhakikisha, uliza kila moja kitambulisho chake:

/lib/udev/scsi_id -g -u -d /dev/sdb

alafu sdc, sdd na sde. Ile namba ndefu inayotoka ndio WWID, inatoka kwa storeji yenyewe, na ikija ile ile mara nne basi hio ni LUN moja (ile diski mlikatiwa kwa storeji) imevaa majina manne.

Kitu mnakosa ni tabaka la katikati, kwa Linux linaitwa dm-multipath. Kazi yake ni kuchukua hizo nne, kuzifunga pamoja kama kifaa kimoja chini ya /dev/mapper, na kuchunga kila saa ni njia gani iko hai. Bila hilo tabaka, LVM iliamka ikaona PV (diski iliyopewa LVM) ile ile mara nne, ikalalamika, alafu ikachagua moja ya kufanyia kazi. Kwa bahati yenu mbaya ilichagua ya upande wa swichi A. Plagi ilipochomolewa, hio njia ikafa, ext4 (faili sistemu yenu) ikapata makosa ya kuandika, na ext4 ikiona jarida lake limekataa kuandikika inajifunga iwe ya kusoma tu ili isiharibu zaidi. Njia mbili za swichi B zilikuwa hai kabisa na hakuna mtu wa kuzitumia. Hio "Found duplicate PV" ndio ilikuwa barua ya onyo, na watu wengi huichukulia kama kelele ya kawaida ya LVM.

Dawa sasa. Kabla ya yote chukua bakapu, na uombe muda wa kuzima databesi, usijaribu hii kitu saa sita mchana wanachama wakitoa pesa. Kama ni Red Hat ama ndugu zake, weka pakiti ya device-mapper-multipath alafu:

mpathconf --enable --with_multipathd y

Kwa Debian na Ubuntu pakiti inaitwa multipath-tools, na faili ya /etc/multipath.conf utaiandika mwenyewe. Iwe fupi:

defaults {
    user_friendly_names yes
    find_multipaths yes
}
overrides {
    no_path_retry 12
}

Basi. Nimeona watu wakinakili konfigi ya kurasa tatu kutoka mahali, ya storeji ambayo hawana, ya enzi za round-robin na rr_min_io, alafu wanashangaa mbona kasi imeshuka. Multipath-tools inakuja tayari na mipangilio ya storeji nyingi zinazojulikana, na mwenye storeji akiwa na waraka wake wa modeli yenu fuata huo, si wa mtu mwingine. Na mbona no_path_retry (ijaribu tena mara ngapi njia zote zikipotea) nimeiweka kwa overrides badala ya defaults? Ju hio mipangilio iliyojengwa ndani ya programu ina nguvu kuliko defaults, unaweza kuandika kitu huko juu na kisifanye kazi kabisa na usiambiwe. Kila mara baada ya kubadilisha piga multipathd show config usome kile kinachotumika kweli, usiamini faili.

Hio find_multipaths inasaidia diski ya ndani ya seva, sda, isivutwe kwa huu mchezo, ju yenyewe iko na njia moja tu.

Alafu hapa ndio wengi hukwama: multipath haiwezi kuzifunga diski zikiwa tayari zimeshikwa na LVM. Kwa hio zima databesi, umount, piga vgchange -an kwa hio VG (kundi la diski za LVM), ndio uwashe multipathd. Kisha multipath -ll, na kwa seva kama yenu inafaa kuonekana hivi, nimekata ile sehemu ya juu yenye WWID:

size=500G features='1 queue_if_no_path' hwhandler='1 alua' wp=rw
|-+- policy='service-time 0' prio=50 status=active
| |- 1:0:0:1 sdb 8:16 active ready running
| `- 2:0:0:1 sdd 8:48 active ready running
`-+- policy='service-time 0' prio=10 status=enabled
  |- 1:0:1:1 sdc 8:32 active ready running
  `- 2:0:1:1 sde 8:64 active ready running

Isome pole pole hii, ju ukiielewa umemaliza nusu ya kazi. Ile namba ya kwanza, 1 ama 2, ni kadi. Makundi ni mawili ju kontrola ni mbili: LUN yako iko mikononi mwa kontrola moja kwa wakati mmoja, njia zinazoingia kwa hio kontrola zina prio (kipaumbele) 50, na zile zinazozunguka kupitia mwenzake zina prio 10. Ni kama kutoka Roysambu kwenda tao, Thika Road ndio yenyewe, kupitia Northern Bypass na Kiambu Road utafika pia lakini utalipia kwa muda. Storeji ndio inaiambia seva haya kupitia ALUA, lugha yao ya kutangaza njia ipi ni bora. Angalia vizuri kitu kingine, kila kundi lina kadi zote mbili ndani. Ukipata kundi lina kadi 1 peke yake basi kuna waya iko mahali si pake ama zoni (ruhusa ya nani amuone nani) haijakamilika kwa swichi, na siku kadi hio ikikufa utahamia njia za pole pole bila sababu.

Kuna mtu atakwambia weka multibus ili njia zote nne zibebe mzigo, ati kasi itakuwa mara nne. Kwa storeji ya aina hii usikubali. Utakuwa unatuma nusu ya kazi kupitia kontrola ambayo haina hio LUN, na kwa zile storeji za zamani za active-passive (kontrola moja inafanya kazi, ingine inangoja) kontrola zitakuwa zinanyang'anyana LUN mpaka zote zilale.

Tukirudi kwa LVM, lazima uiambie isiguse sdb mpaka sde tena. Kwa matoleo ya zamani ni global_filter ndani ya /etc/lvm/lvm.conf: ruhusu /dev/mapper/mpath na diski ya ndani, kataa zingine zote. Kwa RHEL 9 (Red Hat) LVM hutumia orodha ya vifaa, hapo filta haisomwi, unatumia lvmdevices --adddev /dev/mapper/mpatha, hilo mpatha ndio jina la kile kifaa kimoja. Tafadhali usisahau diski ya ndani kama mfumo wenyewe umekaa juu ya LVM, ukiisahau seva haitaamka na utaelezea bosi vitu vingi. Alafu jenga initramfs (ile sistemu ndogo inayoamka kwanza) upya, dracut -f ama update-initramfs -u, ju la sivyo ukiributi ile ya zamani itaamsha LVM kabla ya multipath na utarudi pale pale. Kwa fstab (orodha ya diski za kumount) toa kila mahali pameandikwa /dev/sd-kitu. Hayo majina yanaweza kubadilika kila seva ikiamka, leo sdb kesho sdd.

Mwisho kabisa lsblk: LV (kile kipande LVM imekata) iwe imekaa chini ya mpatha, na mpatha ionekane chini ya sdb, sdc, sdd na sde. LV ikiwa bado inaning'inia kwa sdb moja kwa moja, hujamaliza.

Sasa chomoa. Nasema ukweli, kama hujachomoa waya mwenyewe na mkono wako hamna failova (kuhamia njia ya pili) hapo, mko na matumaini. Databesi ikiwa imezimwa bado, washa kitu cha kuandika kwa mfululizo, hata dd kwa faili ya majaribio, fungua dirisha lingine la iostat -x 1, alafu chomoa waya ya kadi ya kwanza. Kuandika kutasimama kwa sekunde chache na kuendelea, na logi iseme "remaining active paths: 2", ju kila kadi yenu imebeba mbili. Rudisha, na USIGUSE ya pili mpaka zirudi nne, watu wameangusha seva zao wenyewe kwa haraka hapa. Kisha zima swichi nzima. Kama hauko karibu na chumba cha seva unaweza kuigiza kwa kuandika offline ndani ya /sys/block/sdb/device/state na baadaye running, lakini hio inajaribu programu peke yake, waya na swichi hazijaguswa.

Ikisimama karibu dakika nzima badala ya sekunde chache, angalia fast_io_fail_tmo. Hio ndio inasema kadi ya faiba isubiri kwa muda gani kabla ya kukubali kwamba njia imepotea na kurudisha kazi kwa multipath ipeleke kwingine. Sekunde 5 zinatosha.

Na kuhusu plagi. Umeniambia swichi A ilizima ju ya plagi, hujaniambia swichi B imechomekwa wapi. Nenda uangalie leo. Nikiingia chumba cha seva hapa Nairobi kitu cha kwanza hufuata kwa macho ni waya za stima, na mara nyingi napata swichi mbili, kontrola mbili, na pawasaplai zote za seva, zote zinaishia kwa UPS moja. Tarehe 25 Agosti 2023 nchi nzima ilipolala giza mpaka JKIA, wengi ndio walijifunza UPS yao inabeba nini na haibebi nini. Upande A wote uende kwa UPS yake na upande B kwa nyingine. Na si stima pekee, Mei 2024 intaneti ilitambaa hapa kwetu ju kebo mbili za baharini, EASSy na SEACOM, zilikatika wakati mmoja kule kusini, na kuna ofisi zilikuwa zimelipia laini mbili bila kuuliza kila moja inapita wapi.

SWALI: Fundi habari. Nilisoma mahali kwamba no_path_retry inafaa kuwekwa queue ili data isipotee, nikaweka. Juzi storeji yote ilizimwa kwa matengenezo na mtu hakunitaarifu. Seva haikufa lakini ilikuwa kama maiti, loadi ikapanda juu ya 200, kill -9 haifanyi kitu, umount inakwama, hata shutdown ilikataa nikalazimika kubonyeza kitufe. Hii ndio kulinda data? – Wa Industrial Area

JIBU: Umefanyiwa kile uliomba. Queue maana yake ni kwamba njia zote zikipotea, kila kazi ya kuandika na kusoma iwekwe foleni mpaka njia irudi, hata kama ni mwaka kesho. Prosesi iliyo kwa hio foleni inakuwa kwa hali ya D (imelala ikingoja diski) ambayo kill haiguzi, na kila inayokuja nyuma yake inajipanga pia, ndio loadi ikapanda ilhali CPU iko bure kabisa. Siku ingine kabla ya kubonyeza kitufe jaribu:

dmsetup message mpatha 0 fail_if_no_path

Hapo foleni inavunjika, programu zinapata makosa ya I/O, na unaweza kuzima seva kistaarabu.

Kinyume chake ni fail, yaani njia ya mwisho ikipotea tu makosa yanarudi mara moja. Hio nayo ni kali sana kwa seva ya kawaida, ju kuna wakati njia zote hupotea kwa muda mfupi bila ubaya wowote, mfano kontrola zikipokezana wakati wa kuwekwa famuwea mpya. Ndio maana mimi napenda namba. Ukiweka 12, na polling_interval ikiwa 5 kama kawaida yake, ni takriban dakika moja ya foleni alafu makosa. Uliza mwenye storeji kontrola zake huchukua muda gani kupokezana na uweke zaidi ya hapo. Kama seva iko ndani ya klasta (seva kadhaa zinazopokezana kazi) usiweke queue kabisa, ju seva mgonjwa itakaa imeshikilia diski ikisubiri, na ile nzima haitaambiwa ichukue kazi.

SWALI: Hatuna pesa za faiba. Tuko na kaofisi Ngara, NAS moja (kisanduku cha diski cha netiweki) yenye poti mbili za ethaneti, tunatumia iSCSI (diski kupitia netiweki ya kawaida). Nimepatia poti zote mbili IP za netiweki moja na seva pia, multipath inaonyesha njia mbili vizuri, lakini trafiki yote inapita kadi moja na nikichomoa hio kadi kila kitu kinasimama dakika mbili nzima. Ama nifanye bondi (kadi mbili ziwe kama moja)? – Mama Seva

JIBU: Mama, shida ni mbili na zote ni rahisi. Ya kwanza ni hio netiweki moja. Linux ikitaka kutuma kitu kwa 10.10.1.x inaangalia jedwali la njia na kuchagua kadi moja, haijali wewe ulikuwa unafikiria ya pili ndio itumike. Gawanya: kadi ya kwanza na poti ya kwanza ya NAS ziwe 10.10.1.0/24, za pili ziwe 10.10.2.0/24, kila upande na swichi yake, hata kama ni swichi ndogo ya Luthuli Avenue. Fanya discovery (kutafuta diski za NAS) upya kwa IP zote mbili, ingia, na iscsiadm -m session ionyeshe sesheni mbili zenye IP tofauti. Bondi weka kwa NFS (kushiriki faili) ama kwa watumiaji, kwa iSCSI wacha multipath ifanye kazi, yenyewe inajua diski na bondi inajua waya tu.

Ya pili ni hizo dakika mbili. Sekunde 120 ni replacement_timeout ya iSCSI ilivyo kutoka kiwandani, imewekwa hivyo kwa watu wasio na njia ya pili ya kukimbilia. Wewe uko nayo, kwa hio ndani ya /etc/iscsi/iscsid.conf weka:

node.session.timeo.replacement_timeout = 5

Lakini shika hii vizuri, kubadilisha hio faili hakubadilishi rekodi za targeti (diski za NAS ulizounganisha) ambazo tayari ziko, ndio watu hubadilisha na kuapa kwamba haifanyi kazi. Zibadilishe pia kwa iscsiadm -m node -o update -n jina la hio kitu -v 5, alafu utoke na uingie tena. Hata hapo tegemea kusimama kwa sekunde kama 15, ju kuna pingi za noop (za kuuliza kama NAS iko hai) za sekunde 5 ambazo lazima zikose majibu kwanza.

Na NAS yako iko na kontrola moja. Ikiungua hio, njia mbili zinafika kwa kitu kilichokufa. Hio pesa ya faiba ambayo haiko, ikipatikana hata kidogo nunua diski ya nje ya bakapu kwanza.

SWALI: Fundi, mdogo wangu anasema tukiwa na RAID (diski zinazobebana moja ikifa), multipath na kontrola mbili hakuna haja ya bakapu. Nimemwambia nitakuuliza. – Kaka Mkubwa, Kikuyu

JIBU: Mwambie mdogo wako kwamba rm -rf (amri ya kufuta kila kitu) pia inapita njia zote nne, na inafika salama.

SWALI: Sisi ni ofisi fulani Westlands, bado tuko na mashine ya IBM Power inaendesha AIX (Unix ya IBM), LPAR (seva zilizogawanywa ndani yake) zinapata diski kupitia VIOS mbili (seva za kati zinazopitisha diski). Wiki juzi tuliributi VIOS ya kwanza kuweka viraka, hakuna kitu kilitikisika, tukapongezana. Wiki iliyofuata tukaributi ya pili na LPAR zote zikaanguka. VIOS ya kwanza ilikuwa imerudi na iko sawa kabisa. Wale wa Linux wanatucheka. – Mzee wa AIX

JIBU: Shikamoo mzee. Waambie wasicheke, hata kwao iko. Njia za VIOS ya kwanza zilikufa wakati wa kuributi kama inavyofaa, VIOS ikarudi, lakini LPAR haikuwahi kuuliza tena kama njia imepona. Piga lspath kwa LPAR utaona imeandikwa Failed mpaka leo. Sababu ni hcheck_interval, muda wa kukagua njia tena, kwa diski za virtual SCSI inakuja ikiwa 0, na 0 maana yake usiangalie kamwe. Kwa hio wiki nzima mlikuwa mnatembea na njia moja, kimya kimya, na nyinyi ndio mliikata.

Ya kuokoa sasa hivi, kwa kila diski:

chpath -l hdisk0 -p vscsi0 -s enable

na ya kudumu:

chdev -l hdisk0 -a hcheck_interval=60 -P

Hio -P inaandika tu kwa ODM (daftari la mipangilio ya AIX), itaanza kufanya kazi LPAR ikiributi, kwa hio panga. Mkiwa na LPAR zingine zenye faiba moja kwa moja, angalieni pia fscsi (upande wa kadi ya faiba): fc_err_recov iwe fast_fail na dyntrk iwe yes. Na kabla ya kuributi VIOS yoyote tena, lspath kwa kila LPAR iwe ni sheria, mtu aandike matokeo na aweke sahihi kama wa benki.

Wale mnaotumia Solaris, kuwasha ni stmsboot -e na kuangalia ni mpathadm list lu. HP-UX kuanzia 11i v3 inafanya yenyewe bila kuwekewa kitu, ile ya kuongeza alternate link kwa vgextend ilikuwa ya matoleo ya nyuma.

Hili jambo la njia kufa kimya liko kila mahali. Multipath ikifanya kazi vizuri inaficha shida, na hio ndio ubaya wake: sfp (kile kipande waya ya faiba inaingia) imekufa Machi, hakuna mtu amegundua, Septemba mwenzake anaifuata. Kwa Linux weka kitu kidogo kwa cron (ratiba ya kazi za kujirudia):

multipath -ll mpatha | grep -c 'active ready running'

Ikija chini ya 4 ikutumie SMS. Si lazima mununue mfumo wa kumonita wa mamilioni.

SWALI: Fundi, tuko na seva mbili zinaona LUN moja, multipath iko sawa pande zote. Nataka moja ikifa ingine iendelee, kwa hio nimeimount ext4 kwa zote mbili ili ikae tayari. Mbona faili nikiziandika huku hazionekani kule, na saa zingine zinaonekana zimeharibika? – Wa Ruaraka

JIBU: Ndugu yangu, wacha kila kitu unafanya. Multipath inalinda barabara ya kwenda kwa diski, haisuluhishi nani anaandika. Ext4 na XFS, hizi faili sistemu za kawaida, kila moja inaamini iko peke yake, inaweka vitu kwa memori yake, na seva ya pili haijui. Zikiandika zote zinafutiana jedwali za ndani. Unachotaka ni klasta, Pacemaker kwa mfano, ambayo inamount kwa seva moja kwa wakati mmoja, na lazima iwe na fencing, yaani uwezo wa kuzima seva ingine kwa nguvu kabla ya kuchukua diski yake, ama kuifungia nje kwa SCSI-3 reservation. Ukisikia mtu akisema fencing itawekwa baadaye, kataa kuwasha. Ukitaka kweli zote mbili ziandike kwa pamoja kuna GFS2 na OCFS2 (faili sistemu za kushirikiwa), lakini kwa kazi yako sioni sababu.

Kwa sasa zima programu zote zinazoandika hapo, pande zote mbili, umount zote mbili, alafu kutoka kwa seva moja piga e2fsck -fn kwa hio LUN uone imeharibika kiasi gani bila kurekebisha chochote. Ile -n ndio muhimu. Ukiona orodha ndefu usiendelee na -y, kopi LUN nzima kwa kipande kingine cha storeji kwanza, ama snapshoti kama storeji yenu inaweza, ndio ujaribu kurekebisha hio kopi.